Sinendet Kwenye Vikapu Vyetu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza na mzime hiyo redio. Mimi sikusoma sana. Niliingia darasa la pili nikatolewa, kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa wengi na mimi ndiye niliyekuwa na miguu ya mbio. Kwa hivyo msinitafutie makosa ya kuandika. Tafuteni maneno.

Ninaandika kwa sababu ya mjukuu wangu, msichana anayefanya kazi ya kompyuta. Krismasi iliyopita aliketi jikoni kwangu na mashine yake mapajani, uso umekunjamana kama wa mtu aliyemeza dawa ya minyoo. Nikachungulia. Maandishi yamejaa kioo kizima, na pembeni kuna alama za manjano, moja chini ya nyingine, mpaka chini.

"Ni nini hiyo?" nikamuuliza.

"Ni maonyo, Kogo," akasema; kwetu bibi huitwa hivyo. "Kazi yangu yote inafanya vizuri kabisa. Lakini kuna programu inayoisoma tu, hata haijaiwasha, halafu inaniambia hapa umetumia njia ya zamani, na hapa, na hapa. Ati siku moja hiyo njia itaondolewa."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nataka kuzificha hizi alama. Zinaniumiza macho."

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Zifiche," nikamwambia, "halafu twende nikuonyeshe mahali pale mtoni nilipotupa zangu."

Akafunga mashine. Nikampa habari hii, na sasa ninawapa nyinyi.

Zilikuwa siku za kwanza za chai ya watu wadogo. Kabla ya hapo chai ilikuwa ya kampuni, nasi tuliiona kutoka ng'ambo ya fensi kama mtu anayeangalia arusi ambayo hakualikwa. Serikali yetu ilipokuja tukaruhusiwa kupanda. Mimi nilipanda. Mzee wangu alikuwa akifanya kazi upande wa Kericho na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hivyo shamba lilikuwa langu, pamoja na mama mkwe wangu ambaye alikuwa na kichaka chake kidogo cha chai mlangoni na mdomo mkubwa kuliko shamba lote.

Mwanzoni hatukuwa na banda la kupimia chai. Tulibeba majani mgongoni mpaka banda la upande wa Roret, ng'ambo ya mto. Mvua ikinyesha kule juu, mto unajaa huku jua linawaka, na wewe unasimama na majani yako mpaka yanakuwa meusi. Mama mmoja aliteleza kwenye mawe, akatoka salama, lakini kikapu chake kilikwenda na maji na majani yakasambaa juu ya mto kama bata wachanga. Alisimama akiyaita! "Rudini! Rudini nyinyi!" Tulicheka, lakini ile jioni watoto wake hawakucheka.

Tukaomba banda letu. Tuliomba mpaka waliotusikiliza wakachoka kabla yetu. Wanawake walibeba mawe ya sakafu, wanaume wakapanda nguzo, na mwisho tukapata banda la mabati lenye mizani ya kuning'inia na karani. Lori likaanza kusimama kwetu. Wanawake wakanichagua niwe mkubwa wao, kwa sababu sauti yangu ilivuka bonde bila kuchoka. Banda hilo nililipenda kama mtoto wa mwisho.

Basi siku moja akaja bwana shamba mpya wa chai, kijana mrefu kutoka upande wa Mlima Kenya. Alikuwa na tabia moja ambayo hatukuwa tumeiona kwa bwana shamba mwingine. Hakutaka kukuona ukifanya kazi. Wale wengine walisimama kwenye mstari na kukuangalia ukichuma, wakikupigia kelele kuhusu majani mawili na kichipukizi. Huyu alikwenda nyumbani kwako wakati wewe uko shambani, akaangalia vitu vikiwa vimelala. Kikapu kimening'inia, gunia limekunjwa, kitalu cha miche kimenyamaza. Aligeuza, akaingiza vidole, akaandika, akaenda.

Mimi niliporudi kutoka shambani saa nane, nilikuta mama mkwe wangu ameketi mlangoni akipukuchua mahindi, anang'aa kama aliyepakwa mafuta.

"Nimepata mgeni," akasema. "Mtu mwenye adabu. Angalia alivyonifanyia."

Nikaangalia. Kwenye mkono wa kikapu chake cha chai kulikuwa na sinendet, imezungushwa na kufungwa vizuri. Kwenye gunia lake, sinendet. Hata kwenye kikapu chake cha wimbi, sinendet.

Nyinyi mliozaliwa mjini, sinendet ni mmea unaotambaa kwenye miti na fensi, majani yake membamba, ukiukata unatoa maziwa. Kwetu haufungwi ovyo. Tunamvisha mtu aliyeshinda, tunamvisha bibi arusi, tunamvisha mgeni mkubwa shingoni ili kila mtu ajue kwamba huyu leo anaheshimiwa.

Nilikimbia nyumbani kwangu hatua thelathini pale mbele. Mungu wangu! Vikapu vyangu vitatu, vyote vimefungwa. Magunia mawili, yamefungwa. Ufito wangu wa kusawazishia meza ya chai, yaani usawa wa juu wa vichaka, umefungwa. Na kule kwenye kitalu, ambako nilikuwa nimeotesha mbegu za chai kwa mkono wangu mwenyewe, nguzo ya kivuli imefungwa sinendet kubwa kuliko zote. Saba! Nilikaa chini nikazihesabu tena ili nisimsingizie mtu.

Kesho yake tulikwenda banda kama watu wanaopeleka mahari. Kila mwanamke alibeba kikapu chake na sinendet yake ikining'inia. Tuliimba tangu juu ya kilima. Huyu ana mbili, yule ana nne, na mimi natembea mbele na saba zangu, shingo imenyooka kama ya jogoo.

Mmoja tu hakuwa na hata moja. Huyu alikuwa jirani yetu kutoka upande wa Kisii. Mume wake alikuwa amefanya kazi ya chai kwa kampuni, kisha wakapata kipande cha shamba karibu nasi. Mwenyewe alisuka matenga ya kubebea kuku, akayauza sokoni Silibwet, na sisi tulimwita Mama wa Kuku. Hata chai yake aliibeba kwenye tenga, matundu makubwa, unaona majani ndani kama watu dirishani. Tulimcheka kwa tenga hilo. Mama zetu walitufundisha kusuka kikapu cha wimbi, kisichodondosha hata punje moja. Kwetu kikapu chenye matundu ni cha mwanamke mvivu.

"Pole, Mama wa Kuku," mmoja akamwambia. "Labda hakufika kwako."

"Alifika. Aliangalia tenga langu pande zote, akatikisa kichwa, akaenda."

"Alitikisa namna gani? Hivi, au hivi?"

"Hata sijui. Alitikisa tu."

"Basi utubu," nikamwambia mimi, mkubwa wao, na watu wakacheka. Ninaiandika hiyo ili mjue kwamba na mimi nimewahi kuwa mjinga mbele ya watu.

Karani wetu hakuwapo siku hizo. Alikuwa amelala na homa, na ndugu yake ndiye aliyeshika mizani. Siku ya nne karani akarudi, amekonda, amevaa sweta mbili. Akatuona tukishuka kilima tukiimba. Akatoa kofia.

"Mama," akaniambia, "mbona mnaimba?"

"Kwa nini tusiimbe? Hukuona tumeheshimiwa?"

Akaangalia kikapu changu. Akaangalia cha jirani. Nikaona mdomo wake unatetemeka, nikadhani homa imerudi. Kumbe anazuia kicheko.

"Mama, hizo si heshima. Hizo ni alama za vitu vya zamani. Bwana shamba alikuwa na uzi mwekundu, ukamwishia huko kilima cha juu, ndipo akakata mmea kwenye fensi ya mtu. Aliniambia niwaeleze, nami nikaanguka na homa."

"Vitu gani vya zamani? Kikapu changu kimetoboka wapi?"

"Hakijatoboka. Kinabeba leo, na kesho kitabeba. Lakini msimu ujao lori halitachukua majani yaliyotoka ndani yake. Bwana shamba atarudi baada ya wiki sita. Akikuta bado mnatumia vitu hivyo, lori halitasimama hapa tena."

"Na sisi?"

"Nyinyi mtarudi ng'ambo ya mto."

Mama wa Kuku akakohoa kidogo, akainua tenga lake, akawa wa kwanza kupima, akaliweka kwenye mizani polepole, kama anaweka mtoto.

Mimi nilikuwa na aibu, na aibu yangu siku hizo ilikuwa inatoka kama amri. Nikapaza sauti: "Toeni! Toeni zote mtupe mtoni!" Na wanawake wakanisikia, kwa sababu ndiyo kazi waliyonipa. Kufikia saa sita hakukuwa na sinendet hata moja kwenye kilima chetu. Mto uliondoka nazo. Nikapangusa mikono, nikaona moyo umetulia, kama kwamba tumemaliza jambo.

Karani ndiye aliyeuliza. Watu wa kalamu wana swali moja baya kila wakati. "Sasa mtajuaje kipi kilifungwa na kipi hakikufungwa?"

"Wewe si una kitabu?"

"Kitabu alichoniachia kimeandikwa hesabu tu. Wewe, saba. Yule, mbili. Hakikuandikwa ni vitu vipi, wala kwa nini."

Ikawa vurugu. "Changu kilikuwa kile cha pembeni!" "Kile si chako, kile ni cha dada yako!" Mwingine aliapa kwamba jembe lake lilifungwa, akitaka tu sababu ya kununuliwa jembe jipya. Wiki mbili zikapita hivyo, tukibishana. Na kila asubuhi nikishuka kwenda banda niliona mabati yetu yanang'aa na mto unanguruma pale chini, nikahesabu siku zilizobaki.

Mama mkwe wangu ndiye aliyetuokoa, na hakuwa na nia hiyo hata kidogo. Nilikwenda kwake kuomba chumvi, nikakuta sinendet zake zote tatu ziko pale pale, zimeanza kukauka.

"Mama! Si nilisema zitolewe?"

"Wewe ulisema. Mimi nilivishwa. Mtu haondoi sinendet kwa mkono kwa sababu jirani ana kelele. Itakauka ianguke yenyewe."

Nilitaka kukasirika, lakini nikaona kitu. Gunia lake lililofungwa lilikuwa limenunuliwa sokoni Ndanai na mahindi ndani, kama yangu mawili. Kikapu chake cha chai kilikuwa kimesukwa kubana, kama vyangu vitatu. Nikaita wanawake wote, na karani pia, na nikamwita Mama wa Kuku kwa heshima, akaja na tenga lake limejaa. Tukajaza majani kwenye kikapu cha mama mkwe, tukaviweka vyote viwili juani. Mama mkwe akakasirika kwamba uwanja wake umegeuzwa soko.

Baada ya muda nikaingiza mkono katikati ya majani ya kikapu chetu. Joto! Kama ndani ya kinywa cha ndama. Nikaingiza mkono kwenye tenga la Mama wa Kuku. Baridi, kama umande bado uko.

"Yanapumua," akasema Mama wa Kuku. "Kuku pia ukimfungia ndani ya chungu atakufa. Mimi nilidhani mnajua."

Wote wakacheka, yeye wa kwanza. Mtu mmoja akanusa gunia la Ndanai akasema linanuka mahindi yaliyooza, na akauliza kama kuna mtu angekunywa chai hiyo. Tukapigwa na mshangao. Miaka yote hiyo tulikuwa tunasema kikapu kizuri, kikapu kizuri, kwa sababu hatukuwahi kuingiza mkono ndani.

Basi tukaenda kwa Mama wa Kuku kujifunza. Alituketisha chini wanawake kumi na wawili, na mimi mkubwa wao nikakaa karibu na kuku.

"Acha nafasi," ananiambia.

"Nimeacha."

"Hiyo ni nafasi ya chawa kupita. Acha nafasi ya vidole viwili."

Mikono yangu ilikataa. Kila nikiacha tundu, vidole vinarudi vyenyewe kuliziba, kama vinaona aibu mbele ya mama yangu aliyekufa. "Huyu anasukia wimbi mpaka mbinguni!" akasema, na watu wakaanguka kwa kicheko. Nilifumua kikapu cha kwanza mara tatu. Sijawahi kufurahi hivyo nikishindwa.

Tena msidhani ukibadilisha kimoja umemaliza. Kikapu kipya kilikuwa kipana, kikayumba mgongoni, na ule ukanda mwembamba wa ngozi ukatukata kipaji cha uso. Tukasuka ukanda mpana wa katani. Ukanda wa katani ukateleza kwenye fundo la zamani, tukajifunza fundo jingine. Kila kitu kipya kilikuwa kinamgusa bega mwenzake wa zamani. Ufito wangu nao ulikuwa umepinda, karani akanionyesha: meza yangu ya chai ilikuwa na mabonde kama njia ya kati ya Ndanai na Roret.

Kitalu ndicho kilichoniuma. Karani alisema njia mpya ni kukata kijiti kutoka kwenye mti mzuri, kukipanda kwenye karatasi ya nailoni, na kila mche unafanana na mama yake. Mbegu unajua tu umepanda, hujui kitakachotoka. Nilikataa wiki nzima. Zile mbegu nilizimwagilia hata nikiwa na mimba ya miezi minane. Mwisho nilipanda vijiti, na miche yangu ya mbegu sikuichoma. Niliipanda kuzunguka nyumba ya mama mkwe iwe fensi. Mpaka leo imesimama, imekuwa miti, na ikitoa maua meupe nyuki hawaendi kwingine.

Wiki sita zikaisha. Kilima kizima kilikuwa kimebadilika, isipokuwa kitu kimoja. Kikapu cha wimbi cha mama mkwe wangu kilikuwa bado kimening'inia na sinendet yake kavu.

"Mama, nakuomba. Hiyo moja tu. Akiiona, lori halisimami."

"Kikapu hiki ni cha chai?"

"Hapana, Mama, lakini yeye alikifunga."

"Basi alikosea. Nitarekebisha nini kwenye kitu kizuri? Na wewe usinijie na kisu."

Bwana shamba akaja, na safari hii tulimfuata nyumba kwa nyumba, kundi zima, kama kuku nyuma ya mtu mwenye mtama. Aligeuza, akaingiza vidole, akaandika. Kwangu alikaa sana kwenye vijiti vyangu vya ndani ya nailoni, na alipoinuka alisema tu, "Vizuri, mama." Nikapumua. Kisha akafika kwa mama mkwe, akaiona ile sinendet, kalamu ikasimama.

"Mama, hiki bado?"

"Mwanangu, chungulia ndani."

Akachungulia. "Ni wimbi."

"Wimbi linataka kupumua?"

Akafikiri kweli, yule kijana. Sikuwahi kuona mtu akifikiri hivyo mbele ya mwanamke mzee. "Hapana, mama. Wimbi linataka kubanwa. Hapa nilikosea mimi." Akanyoosha mkono afungue.

"Wacha," akasema mama mkwe. "Wewe unajua umenifunga nini?"

"Mmea wa fensi, mama."

Mama mkwe akamweleza. Bibi arusi, mshindi, mgeni mkubwa. Niliona masikio ya bwana shamba yanabadilika rangi.

"Kwa hivyo nilipofunga vitu vyote vile..."

"Waliimba siku nne," akasema mama mkwe. "Huyu mkwe wangu alikuwa na saba. Hatukuweza kumsemesha."

Bwana shamba akaketi chini kwenye nyasi, gambuti zake za mpira na yote, akacheka mpaka kitabu kikaanguka. Alipopata pumzi akakifuta vumbi, akaandika kwamba kikapu cha wimbi kiachwe kama kilivyo, akatia kitabu mfukoni, akasema lori litasimama banda letu msimu huu na ujao.

Sikumbuki nani alikimbia kwenye fensi kwanza. Nakumbuka sinendet ikiletwa kwa mikono yote miwili. Ya kwanza, ndefu, nilimvisha Mama wa Kuku mimi mwenyewe, nikamwambia mbele ya wote, "Ile siku ya kutubu, ilikuwa yangu." Akanipiga bega, akasema kikapu changu bado kina tundu la chawa. Ya pili tulimvisha bwana shamba shingoni.

"Na mimi nimekuwa wa zamani?" akauliza.

"Bado," akasema karani, "lakini tunakukagua."

Tukamshukuru, kongoi, kongoi, tukaimba mpaka banda, na safari hii tulijua tunaimbia nini.

Mzee wangu alifika jioni hiyo, akakuta nyumba imejaa matenga na mlango una majani mabichi, akauliza nani ameolewa. Niliwaita wote waketi, yeye, binti zangu, na mama mkwe ambaye alikuwa ameshaketi kabla ya kuitwa. Nikasema: "Katika nyumba hii, mtu asitoe alama kwenye kitu kabla hajaingiza mkono ndani ya kitu chenyewe. Nani hakusikia? Basi, nendeni mkafungie ndama."